Pikipiki Iliyomkataa Baba Mdogo

Mama alipofariki tulifungua sanduku lake la bati, mimi na mdogo wangu Muganyizi, tukakuta juu kabisa suruali ya kaki ya baba yetu. Ilikuwa imefuliwa na kukunjwa kama ya kwenda kuvaliwa Jumapili. Mapajani ilikuwa na matundu madogo madogo, mengi. Muganyizi akasema nondo wamefanya kazi yao. Nikamwambia si nondo, ni asidi ya betri. Akanitazama tu. Yeye hakumjua baba, kwa sababu alifiwa akiwa bado ananyonya, na pikipiki aliyoijua yeye ni ile waliyotagia kuku bandani. Hapo nikaona kwamba nisipoiandika habari hii, nikifa itabaki kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na nondo.

Tata, maana ndivyo tunavyomwita baba kwetu Uhayani, alikuwa mkaguzi wa kahawa wa chama cha ushirika. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye maghala ya vijijini, kuanzia kwetu upande wa Maruku hadi kule Muleba alikozaliwa Mama. Aliingiza mkono ndani ya gunia, akachukua konzi ya kahawa, akaiuma punje moja, akasema imekauka au haijakauka. Mwanzoni alikwenda kwa baiskeli. Kisha Uhuru ukaja, na padre mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao akamwuzia pikipiki yake, nyeusi, yenye tangi kubwa la petroli na kiti cha ngozi kilichopasuka pembeni. Nyinyi wenzangu wa rika langu mnakumbuka jinsi pikipiki ilivyokuwa jambo kubwa siku zile. Watu walikuja kuitazama wakitoka misa. Bibi yangu aliizunguka, akaigusa kwa fimbo yake, akauliza inakula nini.

Swali la bibi halikuwa la kijinga kama watu walivyodhani, kwa sababu kitu kile kilikunywa kweli. Kilikunywa maji ya mvua, na aliyeyakinga ni Mama. Tata alimfundisha: mvua ya kwanza iache ipite, inaosha vumbi la hewani. Halafu weka bakuli katikati ya uwanja, mbali na paa na mbali na migomba, kwa sababu maji yakishagusa jani la mgomba yana utomvu. Mama aliyamimina kwenye chupa safi na kuyaweka juu kabisa, nyuma ya picha ya Bikira Maria. Ole wake mtoto atakayeigusa chupa ile. Sisi tulikunywa maji ya kisima, ya udongo udongo, na pikipiki ikanywa maji ya mbinguni. Nikajua kwa akili zangu za kitoto kwamba ni kiumbe cha daraja la juu kuliko sisi, nami sikuona ubaya wowote katika hilo.

Asubuhi moja ilikataa kuwaka. Tata alipiga kiki hadi shati likamganda mgongoni. Akafungua plagi, akaifuta, akairudisha. Akanusa petroli. Akapiga kiki tena. Kisha akasimama, akacheka kwa hasira.

"Mama Koku, hebu njoo uone mume wako alivyo mjinga," alimwita Mama. Koku ndiye mimi. "Nahangaika na injini tangu alfajiri. Pikipiki ikigoma, kitu cha kwanza ni kuwasha swichi na kuangalia taa."

Karibu na taa kubwa ya mbele kulikuwa na kitaa kidogo chekundu, ukubwa wake ni wa tunda la kahawa lililoiva. Tata aliwasha swichi. Kitaa kikawaka, lakini kwa unyonge, ukikitazama juani hukioni. Akabonyeza honi, ikatoa sauti ya mbuzi mgonjwa. Akafungua kifuniko cha ubavuni, akaitoa betri na kuiweka juu ya kipande cha gunia. Kwenye vichwa vyake palikuwa na unga mweupe wenye ukijani. Mama akaleta maji ya moto, akamwaga polepole, na ule unga ukachemka na kutoweka. Tata akafungua vifuniko vya juu, akachungulia, akanionyesha vibati vya ndani vilivyobaki vikavu, maji yakiwa chini yake. Akaijaza betri maji ya mvua, tone kwa tone. Harufu yake ilikuwa kali, inapanda puani na kukaa huko. Matone mengine yalimrukia mapajani.

"Suruali nyingine hiyo," Mama alisema.

"Utanishonea."

"Matundu hayashonwi, mwanamume wewe. Utaenda kukagua kahawa mapaja nje."

Walicheka wote wawili. Lakini kitaa kilipowashwa tena hakikubadilika, na Tata akasema betri imekufa. Mimi nilianza kulia. Wakacheka tena, wakanicheka mimi sasa. Tata akaifunga betri nyuma ya baiskeli yake ya zamani, akaenda nayo Bukoba mjini kwa Mhindi mmoja aliyekuwa na mashine ya kuchaji, na kesho yake akarudi nayo. Kitaa kikawaka chekundu hasa. Pikipiki ikanguruma. Tangu siku ile nikajua kwamba kufa ni jambo linaloshughulikiwa mjini.

"Lakini imezeeka," Tata alimwambia Mama akiwa anafunga kifuniko. "Ikikaa mwezi bila kutembea, ndiyo basi tena."

"Basi itembeze," alisema Mama.

Aliitembeza, hadi masika yaliyofuata. Siku hiyo alirudi mapema kutoka Muleba akisema kichwa kinamuuma. Aliiingiza pikipiki bandani mwenyewe, akaifuta matope, akaingia ndani kulala. Baadaye landrova ya misheni ilikuja kumchukua, na baada ya siku kadhaa ikamrudisha amefunikwa shuka. Wanawake walipiga yowe. Mimi nilimvuta Mama kanga nikamwuliza kama wamempitisha kwa yule Mhindi wa mjini. Alinikumbatia kwa nguvu hadi nikashindwa kuvuta pumzi. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilimchukia Mhindi yule, mtu mpole aliyekuwa akitupa peremende, kwa sababu niliamini alimkataa baba yangu.

Tata alizikwa kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, kama inavyofanyika kwetu. Matanga yakawekwa. Nyasi zilitandazwa sakafuni, watu wakalala juu yake. Hakuna aliyeshika jembe. Na kila kitu ambacho Tata alikitumia kwa mkono wake hakikuguswa, kikimngoja mrithi: kigoda chake, mkuki, mundu wa migomba. Mzee Kaijage, mkubwa wa ukoo wetu, alipita akivionyesha kimoja kimoja kwa fimbo. Alipofika bandani alisita, kisha akaielekezea fimbo pikipiki pia. Ikafunikwa jamvi.

Kumtaja mrithi kulicheleweshwa. Kulikuwa na ndugu mmoja wa ukoo aliyekuwa Uganda ambaye bila yeye wazee hawakutaka kuamua, na yeye hakuwa na haraka. Masika yakaisha. Kila siku Mama alipita mbele ya banda akienda jikoni, na mara nyingine nilimwona akisimama. Alinyoosha mkono kuelekea lile jamvi, akaurudisha, akaendelea na safari yake. Nilidhani anamsalimia Tata.

Siri ya mambo niliisikia jikoni, wanawake wakimenya ndizi. Muganyizi alikuwa mtoto mchanga mno. Wazee walikuwa wameshaelewana pembeni kwamba mrithi ni Baba Mdogo Anatoli, mdogo wake Tata wa mwisho. Alikuwa utingo wa lori la kahawa kati ya Muleba na bandari ya Bukoba, mwenye mke na watoto na hana kibanja chake. Akishakalia kigoda, kibanja ni chake, nyumba ni yake, na sisi watoto tuko chini yake. Na Mama? Mama angerudi kwao Muleba. Watoto ni wa ukoo, walisema wale wanawake, watabaki. Walisema hivyo kwa huzuni, bila ubaya wowote, huku visu vikiendelea.

Nilimfuata Mama uani. "Unakwenda Muleba?"

"Nani kakwambia?"

"Jikoni."

"Sijaenda popote," alisema. Tangu hapo nililala nimeshika pindo la kanga yake, na alipojigeuza nikaamka.

Baba Mdogo Anatoli alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa iliyokwaruzwa na magunia. Zamani nilimpenda. Alikuwa akitushushia miwa kutoka juu ya lori bila dereva wake kusimama vizuri. Sasa nilimwona kwa jicho jingine. Asubuhi alitembea kibanjani peke yake, mgomba hadi mgomba, akigusa mashina kwa kiganja. Nikasema moyoni, tazama mwizi, anahesabu. Alipokuja kunishika kichwa nilijitoa.

Hatimaye yule ndugu wa Uganda akafika, na siku ya kumsimika mrithi ikawadia. Wazee walikaa uwanjani tangu asubuhi, na mabishano yao ya kwanza yakawa juu ya pikipiki. Kigoda mrithi hukikalia, mkuki huushika, vazi la gome la mti huvikwa. Je, na chuma hiki? Katekista wa kigango chetu akasema pikipiki haimo katika mila wala haimo katika Kanisa, iachwe.

"Marehemu alikuwa akikalia nini kila siku?" Mzee Kaijage alimwuliza.

"Pikipiki, Mzee."

"Sisemi mara moja kwa mwezi. Nasema kila siku."

"Kila siku, waitu," alijibu katekista kwa heshima.

"Basi hicho ndicho kigoda chake. Kile kingine cha mti alikuwa anawakalishia wageni."

Watu walicheka, lakini jambo likawa limepita. Ikaamuliwa kwamba Anatoli aipande pikipiki ya kaka yake, aende hadi barabara kubwa na kurudi, ukoo ukimwona, ndipo avikwe. Na waanze na hilo, alisema Mzee Kaijage, kabla pombe haijafika kwenye miguu ya watu.

Wakaliondoa jamvi. Pikipiki ilikuwa vilevile, hata matope ambayo Tata hakuyafikia yalikuwa bado chini ya bati la gurudumu. Mimi nilijipenyeza hadi mbele kabisa, mahali nilipozoea kusimama Tata akiiwasha. Baba Mdogo akaipanda. Akazungusha ufunguo wa swichi. Nikakitazama kitaa chekundu, nacho hakikuwaka hata kwa unyonge. Nikajua Tata amefumba jicho, hataki kumwona mdogo wake juu ya kiti chake.

Baba Mdogo alipiga kiki. Akapiga tena. Alibonyeza honi, kimya. Mwalimu mmoja akasema labda haina petroli, wakafungua tangi, petroli imo. Vijana wakaisukuma kwenye mteremko unaoelekea barabarani wakikimbia na kupiga kelele, na pikipiki ikateremka kimya kabisa, tukisikia changarawe tu chini ya magurudumu. Wakaipandisha. Wakaiteremsha tena. Safari hii hakuna aliyepiga kelele. Walipoirudisha uwanjani Baba Mdogo alikuwa amelowa jasho.

"Anatoli," alisema Mzee Kaijage. "Wewe ndiye mtu wa magari hapa. Ina nini?"

Baba Mdogo alishuka. Akachuchumaa, akafungua kifuniko cha ubavuni, akachungulia ndani kwa muda. Akakifunga. Akasimama huku akijifuta mikono kwenye suruali.

"Haina ubaya wowote, Mzee," alisema. "Kaka amekataa."

Nilimtazama Mama. Alikuwa amekaa kizingitini na Muganyizi mapajani, ameziba mdomo kwa kanga. Wanawake nyuma yake walianza kulia kama siku ya msiba yenyewe. Niliogopa na kufurahi kwa pamoja, kwa sababu Tata alikuwa ametusikia.

Mzee Kaijage hakuharakisha. Aliizunguka pikipiki kama alivyoizunguka bibi yangu siku zile. Kisha akaenda kizingitini, akamchukua Muganyizi kutoka kwa Mama, akamketisha juu ya kile kiti cha ngozi akiwa amemshika kwapani. Mtoto akacheka, akalipiga tangi kwa kiganja. Hapo hata wazee walifuta macho. "Amempokea," alisema Mzee Kaijage, akawatazama wenzake mmoja mmoja, na hakuna aliyepinga. Muganyizi akavikwa gome la mti lililomfunika hadi kichwani. Kibanja kikawa chake, Mama akaambiwa akae akitunze hadi mwanawe akue. Nilipomtafuta Baba Mdogo nikaambiwa ameshaondoka, hata pombe hakuonja.

Hakurudi. Zilikuwa siku za ujamaa, redio na mikutano yote ilikuwa ujamaa, na viongozi walikuwa wanatafuta watu wa kwenda kuanzisha kijiji kipya huko Muleba, kwenye rweya. Wasio wa kwetu niwaeleze kwamba rweya ni ile mbuga ya nyasi iliyo nje ya vibanja, ambako watu walikwenda kukata nyasi na kulisha ng'ombe, na udongo wake hauna kitu. Kumwambia Mhaya aache migomba akaishi rweya ilikuwa kama kumwambia akaishi barabarani. Baba Mdogo Anatoli alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mkutanoni walimpigia makofi, na nyumbani wakamcheka. Mama hakucheka wala hakupiga makofi. Jina lake halikutajwa tena nyumbani kwetu. Ilipobidi, Mama alisema "yule".

Na pikipiki ikabaki bandani. Walikuja watu kutaka kuinunua, Mama akakataa. Wakaja mafundi kutaka kuitazama bure, akawafukuza. Nilipofika darasa la juu na sare yangu ikawa viraka vitupu, nilimwambia kwa jeuri ya umri ule kwamba tunaweza kuuza lile dude tukavaa kama watu. Alinitazama kwa namna iliyonifanya nisirudie.

Nilielewa nikiwa mtu mzima, mwalimu, nimepanga chumba Kashai, pale Bukoba mjini. Mwalimu mwenzangu alikuwa na pikipiki, na asubuhi moja ikamgomea mbele ya mlango wangu. Akaja fundi, kijana tu. Hakugusa injini. Aliwasha swichi, akainama, akasema, "Taa haiwaki kabisa, Mwalimu. Betri hiyo." Akafungua, na ile harufu ikanipanda puani nikiwa nimesimama na madaftari mkononi. Sikumbuki nilifundisha nini siku ile. Jumamosi nilipanda gari kwenda nyumbani.

Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikakaa karibu naye, nikachukua kisu.

"Mama, ilikuwa betri."

Aliendelea kumenya. "Ndiyo."

"Ulijua lini?"

"Kabla hawajaitoa bandani. Mwezi bila kutembea, baba yako alisema. Ilikaa masika yote."

"Na hukusema."

"Nani aliniuliza?" Aliitupa ndizi sufuriani. "Walimwuliza mtu wa magari. Mtu wa magari asiyejua betri! Alikuwa anapakia magunia tu, yule." Akacheka, kicheko kibaya ambacho sikupenda kukisikia kwa mama yangu.

"Lakini baadaye ungeitengeneza. Tuliteseka, Mama."

"Ingewaka, wangesema marehemu amebadili mawazo," alijibu. "Na yule angerudi."

Nilimwonea fahari Mama siku ile, sitaficha. Nilimwona ni mwanamke aliyeushinda ukoo mzima kwa kunyamaza tu. Baba Mdogo nilimwonea huruma kidogo, ile huruma unayompa mtu mjinga.

Miaka ikapita. Kijiji cha ujamaa kikavunjika polepole, wengi wakarudi kwenye vibanja vyao. Baba Mdogo Anatoli hakuwa na pa kurudi. Ikaletwa habari kwamba anaumwa sana na anamwomba Mama aje. Mama akasema haendi. Baada ya misa ya Jumapili akaniambia nijiandae, tunakwenda.

Nyumba yake ilikuwa peke yake kwenye ule uwazi wa rweya, upepo unaipiga pande zote. Alikuwa amepanda migomba. Alikuwa ameitandazia nyasi na kuimwagia samadi miaka yote hiyo, ilionekana, na bado ilikuwa miembamba na ya manjano, mikungu yake ukiweza kuibeba kwa mkono mmoja. Mama alisimama akiitazama kabla ya kuingia ndani.

Baba Mdogo alikuwa kitandani, amekwisha, ile mikono mikubwa ikiwa juu ya blanketi. Mama alikaa kwenye kiti cha mbali, karibu na mlango.

"Shemeji," alisema Baba Mdogo, "sitaki kuondoka na jambo hili. Siku ile, kile kitaa chekundu hakikuwaka."

Mama aliinua macho kumtazama.

"Nilikiona kabla ya kiki ya kwanza. Na nilipofungua kifuniko, vibati vilikuwa vikavu, vyeupe kabisa. Betri ilikuwa imekufa zamani."

"Ulijua?"

"Nimelala chini ya malori ujana wangu wote, shemeji. Betri nisiijue?"

Upepo uligonga dirisha. Mama alikuwa ameshika pindo la kanga yake kwa mikono yote miwili.

"Kwa nini hukusema?"

"Wazee walikuwa wameshaamua. Wakurudishe Muleba, watoto wabaki kwangu. Mimi mdogo wa mwisho, ningewakataaje wazee usoni? Marehemu aliweza." Alipumzika, akapumua. "Nikamwachia akatae yeye."

Mama aliliachia lile pindo la kanga. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mimi nilikuwa nakuogopa. Miaka yote hii. Nilisema siku moja atagundua, arudi."

"Nilijua unaniogopa," alisema Baba Mdogo. "Ndiyo maana sikuja."

Nilitoka nje. Nililia katikati ya migomba ile ya manjano, nikamkumbuka akitembea kibanjani kwetu na kuigusa migomba kwa kiganja, na mimi nikimwita mwizi moyoni. Sikujua alikuwa akifanya nini asubuhi zile, na hata leo sijui, kwa sababu niliporudi ndani sikumwuliza. Nilimkuta Mama amesogeza kiti hadi kitandani. Alikuwa anamlisha uji, na walikuwa wanazungumza habari za Tata akiwa kijana, wakibishana nani alimfundisha kupanda baiskeli.

Baba Mdogo alifariki kahawa ikiwa imechanua. Wanawe walikuwa wameshaanza kutafuta mahali pa kuchimba kule rweya ujumbe wa Mama ulipowafikia: wamlete nyumbani. Akamwambia Muganyizi, ambaye kwa mila ndiye mwenye kibanja, akodi gari akamchukue. Muganyizi alikwenda. Alikuwa mtoto mtiifu, na alidhani ni mambo ya ukoo tu.

Mahali pa kaburi Mama alipachagua mwenyewe. Hakuwapeleka pembeni, kwenye miti ya kahawa iliyozeeka, ambako vijana walikuwa wameshaweka majembe. Aliwaongoza hadi karibu na nyumba, kwenye udongo mweusi kuliko wote, kando ya kaburi la Tata. Palikuwa na mgomba mnene umesimama hapo. Muganyizi alishika panga, akautazama juu, akasita.

"Mama, huu una mkungu. Bado mchanga."

"Kata," alisema Mama.

"Si tusogee kidogo tu upande ule? Kwa nini hapa?"

"Kwa sababu hapa ni kwake," alisema Mama. "Sisi alituachia tukae."